App Inventor, Kodular au Sketchware? Nataka kuamua kabla ya Jumatatu

Mwanagenzi_Ngamiani:
Wadau, habari za jioni. Mimi mwanafunzi, nipo Tanga mjini. Nataka kujifunza kutengeneza programu za simu kwa kupanga bloku, yaani vipande vya amri, siyo kuandika kodi. Nimesikia App Inventor, Kodular, Thunkable na Sketchware. Ipi nzuri? Kuna mtu ananiuzia kifaa, Jumatatu anataka jibu.

Waja_Leo:
Kifaa gani? Unauliza nauli bila kusema unakwenda wapi. Una kompyuta? Simu yako ni Android? Programu ya kufanya nini? Na mfukoni kuna ngapi?

Fundi_Barabara_ya_Nane:
App Inventor, tumemaliza. Ilianzia Google mwaka 2010, baadaye ikahamia MIT, chuo cha Marekani, na ni bure mpaka leo. Upande mmoja unapanga vitufe na picha, upande wa pili unapachika bloku: kitufe kikibonyezwa, fanya hivi. Programu yenyewe inajengwa kwenye seva yao, kompyuta za mtandaoni, kwa hiyo hata laptopu kongwe inatosha, mradi kivinjari kinafunguka. Android Studio, ile ya waandika kodi, ndiyo itakayokulilia RAM.

Binti_Makorora:
Na mradi bando lipo, hilo umelimeza. Ukitaka kuona kazi yako papo hapo, simu na kompyuta ziwe kwenye mtandao mmoja. Kodular ni ndugu yake, ina mapambo mengi zaidi, ila inatoa programu za Android tu. Thunkable inatoa za Android na za iPhone, lakini ya bure ina mipaka. Utafika katikati uambiwe lipia.

Mwanagenzi_Ngamiani:
Samahani wakubwa. Simu ni Android, RAM GB 2. Kompyuta sina. Nina laki mbili na nusu: nichukue laptopu ya mtumba, au niongezee kidogo nipate simu nzuri? Programu ni ya baba mdogo, mvuvi wa Sahare. Imwonyeshe saa za maji kujaa na kupwa.

Waja_Leo:
Kumbe! Yote ya maana uliyaficha uvunguni.

Simu_Tu:
Achana na laptopu ya mtumba, betri yake itakuwa marehemu. Sketchware inafanya kazi ndani ya simu yenyewe, bloku zilezile. Mimi nilianza hivyo kidato cha tatu.

Binti_Makorora:
Vidole vyako vitakuwa vya sindano. Bloku hamsini kwenye kioo cha simu, ukitafuta kosa unapata kipandauso. Halafu Sketchware ya asili ilishaachwa, watu wa kujitolea wanaendeleza Sketchware Pro. Mwanafunzi ajifunzie kwenye kitu kilichotelekezwa?

Mzee_wa_Daftari:
Kabla hujachagua, sikia yangu. Nikiwa chuo nilimtengenezea mama mkubwa daftari la madeni la dukani kwake, kwa App Inventor. Anayekopa unga, mafuta, sukari, wote humo. Kumbukumbu niliziweka kwenye TinyDB, maana yake zinakaa ndani ya simu yake tu. Akaunti nilitumia ya rafiki, yangu nilikuwa nimesahau nywila. Miezi minne mambo safi, mama mkubwa ananisifia mpaka kwenye kitchen party.

Rafiki akahama. Nikachukua faili la mradi, nikaliingiza kwenye akaunti yangu mpya, nikarekebisha kosa dogo la kujumlisha, nikajenga upya. Simu ikaiweka pembeni kama programu ya pili, haikuipandisha juu ya ile ya zamani. Sikujua kwamba jina la akaunti linaingia kwenye utambulisho wa programu, na kila akaunti ina ufunguo wake wa saini, faili la siri la kuthibitisha mwenye programu; kwa Android ile ilikuwa programu nyingine, yenye kumbukumbu zake. Nikaona dawa ni kuifuta ile ya kwanza. Nikafuta, mpya ikabaki peke yake, na daftari jeupe! Madeni yote yameondoka nayo. Wiki hiyo mtaa mzima ulikuwa haudaiwi. Kuna mama mmoja tu alikuja mwenyewe kusema anadaiwa kilo mbili za mchele, Mungu ambariki.

Kwa hiyo dogo, akaunti iwe yako, na ule ufunguo unapakuliwa, uhifadhi pembeni.

Waja_Leo:
Pole, ila nimecheka. Swali la pembeni: hii "kodi" mnayoandika ni ya nyumba au ya kompyuta? Watu wa Tanga tunaharibu lugha hivi?

Fundi_Barabara_ya_Nane:
Andika "msimbo" basi uone nani atakuelewa kibandani kwangu.

Nahodha_Mstaafu:
Mimi naona mnazunguka. Maji hayahitaji simu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, yale maji makubwa, yanajaa saa kumi hivi, alasiri na alfajiri. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Baba mdogo wake anayajua haya.

Mwanagenzi_Ngamiani:
Shikamoo mzee. Kwa hiyo niweke bloku ya kuongeza dakika 50 kila siku?

Binti_Makorora:
Hapana! Hiyo 50 ni wastani. Siku za bamvua yanachelewa kidogo, siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yanachelewa zaidi. Ukijumlisha tu, baada ya siku chache programu inasema maji yamejaa, ngalawa imekaa mchangani. Pata jedwali la maji, liandike kama faili la CSV, yaani safu zilizotenganishwa kwa koma, App Inventor ilisome. Bloku ya kugeuza CSV kuwa orodha ipo.

Nahodha_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Huyo binti amesema kweli kuhusu maji mafu. Nani alimfundisha?

Binti_Makorora:
Babu yangu, kule ufukweni Deep Sea.

Simu_Tu:
Na kuiweka Google Play ni dola 25, mara moja. Hilo hamjamwambia.

Fundi_Barabara_ya_Nane:
Mtumiaji mmoja, Play ya nini? Amtumie APK, lile faili la kusakinisha, kwa WhatsApp.

Mwanagenzi_Ngamiani:
Asanteni sana. Sasa laptopu au simu? Jumatatu ndiyo kesho.

Nahodha_Mstaafu:
Binti, babu yako alikuwa na dau la bluu, lenye tanga la viraka?