Mabosi wa studio Mbeya, video ikiwa inarenda mimi sijakaa bure!

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Nahariri video za harusi na send-off kwenye studio moja hapa Mwanjelwa. Nikimaliza kuhariri, kompyuta inarenda, yaani inaunganisha kila kitu kuwa faili moja la video. Bosi akishaona kile kimstari cha asilimia kinatembea, kwake nipo mapumzikoni. "Dogo, usikae tu, tumia muda, wapige hao pasipoti." Kwenye mashine ipi? Mashine ni hiyo hiyo moja, RAM 8GB! Nikifungua tu programu ya picha, video inaanza kujikokota. Harusi ya saa moja kwa fremu (picha moja moja) 25 kila sekunde ni fremu 90,000, yeye anadhani ni kukopi nyimbo kwenye flashi.

Jumamosi kaleta foleni ya wanafunzi wa pasipoti, mashine ikaganda kwenye asilimia tisini na kitu. Nikaanza upya, umeme ukakatika. MP4 iliyokatika njiani mara nyingi haifunguki, maana ile sehemu inayoonyesha picha na sauti zimekaa wapi kwa kawaida huandikwa mwisho kabisa. Mama wa bibi harusi katoka Tukuyu na Coaster kufuata flashi yake, akanisema mbele za watu mpaka jasho likanitoka na baridi yote hii. Bosi kimya, anachezea simu.

Na huo muda wa kusubiri nautumia! Nina daftari. Navaa hedifoni, nasikiliza sauti ya MC kwenye simu, naandika dakika gani wajomba wanaingia na zawadi. Naulizia na majina, kwa sababu huku ukikosea herufi moja kwenye jina linaloanza na Mwa-, umegombana na ukoo mzima. Kazi hiyo haigusi mashine kabisa.

Nimeomba UPS, ile betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, hataki. Nimesema turende vipande, kanisani peke yake, ukumbini peke yake, umeme ukikatika tupoteze kimoja tu. Eti nachelewesha. Intro za majina natengeneza kwa Blender, programu ya 3D, na kuzitoa picha moja moja za PNG, umeme ukirudi naendelea nilipoishia, hiyo nayo anaita mbwembwe. Kurenda usiku ndiyo kabisa, LUKU itaisha.

Mwenye kujua studio Iringa, Njombe au hata Makambako yenye mashine mbili na UPS aje PM. Na nyie wa "jiongeze, fungua ya kwako", mje na hela ya kompyuta.