Aliyekataa kuwemo: filamu ya The Runaways ilikuwa na haki ya kumweka "Robin" kwenye besi?

Nyuzi Nne

Wakuu, salaam. Wiki hii nimeirudia The Runaways, filamu ya wasifu ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Floria Sigismondi, na kuna jambo limenikaa kooni. Naona nilitoe hapa tulijadili.

Kwa asiyeijua: ni kisa cha kweli cha wasichana wa Los Angeles walioanzisha bendi ya roki mwaka 1975, na kati ya watano waliovuma hakuna hata mmoja aliyekuwa ametimiza miaka 18. Joan Jett alipiga gita la rizimu, Lita Ford gita la solo, Sandy West dramu, Cherie Currie akaimba, Jackie Fox akashika besi. Juu yao alikaa mwanamume wa miaka 36, Kim Fowley, meneja wao na mtayarishaji wa muziki wao. Bendi ilivuma, ikafika mpaka Japani, na kufikia 1979 ilikuwa imekwisha.

Sasa fungua filamu. Joan yumo, ni Kristen Stewart. Cherie ni Dakota Fanning. Lita yumo, Sandy yumo. Kwenye besi kasimama msichana anaitwa Robin. Robin ni nani? Hakuna Robin aliyewahi kupiga katika bendi ile. Jackie alikataa kutoa idhini ya jina na maisha yake kutumika, basi wakatunga mtu, wakampa gita, wakamwambia simama pale. Na anasimama kweli. Mimi nilipiga besi miaka kumi na moja kwenye bendi za hoteli, nimezoea kutoonekana, lakini huyu amenizidi. Karibu hasemi neno.

Ukumbuke filamu ilitokana na kitabu cha maisha ya Cherie, na Joan alikuwa mmoja wa watayarishaji wakuu. Kisa cha watano kilishikwa na wawili.

Halafu ikaja Julai 2015. Jackie, ambaye sasa anatumia jina lake la Fuchs na amesomea sheria Harvard, alisimulia katika Huffington Post kwamba mkesha wa mwaka mpya, Desemba 1975, baada ya onyesho, Fowley alimbaka kwenye chumba cha moteli, na watu wengine wakiwemo mle ndani. Alikuwa ndiyo kwanza ana miaka 16. Fowley alikuwa amefariki Januari ya mwaka huohuo wa 2015. Joan alikana kujua lolote: alisema angejua kwamba mwenzake anafanyiwa vile asingekaa kimya.

Sitaki tugeuke mahakama. Ninalotaka kujua ni hili: kati ya watano, mmoja akisema "mimi simo", waliobaki wana haki ya kuendelea? Na wakiendelea, pengo lake walifanyeje?

Msimamo wangu nautoa mapema. Sina ugomvi na Robin. Jackie alisema hapana, na hapana yake ikaheshimiwa. Ugomvi wangu ni Fowley. Michael Shannon kamwigiza vizuri kupita kiasi. Kuna onyesho ndani ya trela walilokuwa wakifanyia mazoezi: Fowley analeta wavulana wa mtaani wawarushie wasichana takataka wakiwa wanapiga, eti wazoee mashabiki wakorofi. Anapiga kelele, anaruka, anatukana kwa ufundi, na wewe mtazamaji unacheka. Mimi nilicheka. Maneno yote matamu ya filamu amepewa yeye. Robin hana hata sentensi ya kukumbuka, na Fowley unatoka naye mlangoni unawarudia wenzako matusi yake.

Karibuni.

Msomi wa Kijiweni

Mkuu, hapa unaihukumu filamu ya 2010 kwa habari za 2015. Mwongozaji angejuaje? Alikuwa na kitabu cha Cherie, alikuwa na Joan, alikuwa na nyimbo. Kwa mtu anayetengeneza filamu ya saa moja na dakika arobaini na kitu, hiyo ni mali tosha.

Na huyo Robin mbona mnamwonea. Kiti cha besi kwenye bendi ile hakikuwa cha Jackie peke yake. Mwanzoni alikuwepo Micki Steele, yule aliyekuja kujulikana baadaye na bendi ya The Bangles. Baada ya Jackie akaja Vicki Blue, baada yake mwingine tena. Mpiga besi wa kubuni anayewakilisha kiti chenyewe ni ufundi halali kabisa. Filamu za wasifu zinafanya hivyo kila siku: watu watatu wanakunjwa kuwa mmoja.

Tena mtu hawezi kukataa kuwemo, kisha tumlilie kwamba hayumo. Alichotaka alikipata.

Bint Pwani

Kaka Nyuzi Nne, mimi naitetea hii filamu na sitaona haya. Wangapi hapa wanakumbuka picha yake ya kwanza kabisa? Tone la damu linaanguka kwenye lami. Binti wa watu kapata hedhi yake ya kwanza njiani. Ni mwongozaji gani wa kiume angeanzia pale kwenye filamu ya bendi?

Na lile la mwalimu wa gita! Joan anataka kufundishwa gita la umeme, mwalimu anamwambia wasichana hawapigi gita la umeme, anamrudisha kwenye kiwimbo cha zamani. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliambiwa hivyohivyo kuhusu ngoma, na aliyeniambia alikuwa anajiona ananipenda. Ukinipa filamu moja inayoonyesha wasichana wakijifunza kupiga, wakikosea, wakipatia, siwezi kuitupa kwa sababu ya aliyekosekana.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Fanning alikuwa na miaka 15 alipoigiza yale ya dawa za kulevya, yale ya mabusu, yale ya kuimba jukwaani na nguo ya ndani. Filamu inatuambia Cherie alitumiwa akiwa na miaka 15. Haya, na ninyi mliomvalisha mtoto mwingine wa miaka 15 nguo ya ndani ileile, mkamwashia taa, mnatuambiaje?

Nyuzi Nne

Dada Bint Pwani, hilo la mwisho limenikata maini. Sikuwa nimelifikiria.

Msomi, lakini hapo kwa "angejuaje" nakukatalia. Huyo Vicki Blue uliyemtaja, jina lake Victory Tischler-Blue, alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu bendi hiyohiyo, Edgeplay, ikatoka 2004. Wenyewe walikaa mbele ya kamera wakaeleza Fowley alivyowatukana, alivyowagombanisha, alivyowaendesha. Miaka sita kabla! Si kila jambo lilisemwa, lakini kilichosemwa kilitosha mtu asimfanye Fowley kichekesho.

Na angalia mambo: kwenye ile ya 2004 aliyekosekana ni Joan, alikataa kushiriki. Kwenye ya 2010 aliyekosekana ni Jackie. Filamu mbili, kila moja ina kiti kitupu, na waliokataa si walewale.

Dramu Moja

Mnagombea besi. Sandy West je? Yeye na Joan ndio waliokuwepo mwanzo kabisa, kabla ya Cherie na kabla ya Lita. Bendi ilipokufa, Joan alikwenda kushika namba moja kwenye chati za nyimbo Marekani mwaka 1982, wiki saba mfululizo. Sandy alikuwa anafanya kazi za ujenzi. Saratani ya mapafu ikamchukua 2006. Filamu ilipotoka, zaidi ya miaka mitatu ilikuwa imepita tangu azikwe. Jackie alipata nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Mwenzenu hakuulizwa.

Ndiyo hivyo. Mpiga dramu huwa nyuma hata akifa.

Mama Kanda

Wanangu, habari zenu. Mimi filamu hiyo nilioneshwa na mjukuu, kwa hiyo msinibane kwenye majina.

Niliimba bendi ya dansi nikiwa na miaka kumi na saba, bendi na mji sivitaji. Tulikuwa wasichana watatu mbele. Kiongozi alitununulia viatu vya jukwaani, vyekundu, visigino virefu, na hivyo viatu vilikuwa mali yake. Ukidai mshahara anakwambia, sawa, vua viatu uondoke. Usiku, mji wa watu, pekupeku. Basi unanyamaza, unapanda jukwaani, unatabasamu. Watu wakituona walisema tunapendeza.

Miaka mingi baadaye akaja kijana mmoja anaandika historia ya bendi. Mwenzangu mmoja alizungumza naye, alimweleza mazuri tu, safari, sare, nyimbo. Mimi nilikataa. Msomi anasema mtu hawezi kukataa kuwemo kisha tukamlilia. Mwanangu, mimi sikukataa kwa kukosa la kusema. Nilikataa kwa sababu ningesema mazuri ningekuwa mwongo, na ningesema mabaya nilikuwa bado sijawa tayari mume wangu ayasome. Katikati ya hayo mawili mtu anabakiwa na nini? Anabakiwa na hapana.

Historia ile ikatoka. Kwenye picha nipo, chini yake wameandika "na mwimbaji mwingine".

Na yule mwenzangu aliyezungumza simlaumu. Yale mazuri aliyoyasema yalikuwepo kweli.

Msomi wa Kijiweni

Shikamoo Mama. Nimesoma mara mbili. Sentensi yangu ya mwisho naiondoa.

Iliyobaki siiondoi. Bado naona waliosema ndiyo wana haki na maisha yao. Cherie hakuandika kisa cha Jackie, aliandika cha Cherie, na maisha yake yalipitia bendi ile. Tukisema kisa cha pamoja hakisimuliwi mpaka wote waridhie, basi mmoja tu anatosha kuwafunga midomo wote. Na mara nyingi huyo mmoja atakuwa Fowley, si Jackie. Mmelifikiria hilo? Meneja akisema "mimi simo", nani atathubutu kumtaja?

Bint Pwani

Mara ya kwanza kumwona Msomi akirudi nyuma hata hatua moja, nai-skrinishoti.

Lakini hoja yake ya pili ina uzito. Mimi nadhani jibu limo kwenye filamu yenyewe, lile onyesho la majaribio. Cherie amekuja na wimbo wa Peggy Lee, mwimbaji wa jazi wa zamani, bendi haiutaki, basi Fowley na Joan wanamtungia wimbo palepale, Cherry Bomb, na mtoto anafundishwa namna ya kuuimba. Na ni kweli wimbo ule ulizaliwa hivyo. Ukilitazama onyesho lile kwa macho ya Fowley, ni ushindi, kaona nyota. Ukilitazama kwa macho ya Cherie, ni mtoto wa miaka 15 anayefokewa na mtu mzima mpaka ageuke tishio la kuuzika. Sigismondi alikuwa na vyote viwili mkononi. Kamera akaipeleka kwa Fowley kwa sababu kwake kuna raha. Kwa hilo hakuhitaji idhini ya Jackie, alihitaji kugeuza kamera kidogo tu.

Nyuzi Nne

Hapo umenisemea, dada. Nilikuwa nalizungukazunguka.

Msomi, kuhusu kumpa meneja kura ya turufu nakubali, sikuwa nimeona upande huo. Basi tuseme mwenye kukataa anaheshimiwa jina lake, lakini kiti kisijazwe. Wangeacha besi isikike bila kumwonyesha mpigaji. Ningeiona hiyo ningenyanyuka kwenye kochi.

Mama Kanda, shikamoo, na swali moja kama hutojali. Vile viatu vyekundu ulivirudisha?

Mama Kanda

Marahaba mwanangu. Nilirudisha kimoja.