Taa ya UV inaweza kuondoa rangi ya batiki kwenye maji machafu?

MamaBatiki, Iringa
Wakuu habarini. Natengeneza batiki nyumbani, Ipogolo. Rangi zangu ni za unga, nazikoroga na kostiki (soda kali) na haidro (unga wa sodiamu haidrosalfaiti) kwenye maji ya moto. Nikimaliza kusuuza nabaki na ndoo za maji ya bluu kali. Mtaro wetu unashuka mto Ruaha Mdogo, na huko chini watu wanamwagilia mchicha. Roho inaniuma. Muuzaji wa vifaa vya maji anasema taa ya UV (mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho) ya kuulia vijidudu inafuta rangi yenyewe. Ni kweli?

Mkemia_Uyole
Dada, hongera kwa kuwafikiria wa chini. Taa peke yake usinunue. Rangi za nguo zimeundwa zistahimili jua, ndiyo maana kitenge kizuri hakipauki upesi. Kinachozivunja hasa ni radikali za haidroksili, yaani vipande vya molekuli vyenye ukali mkubwa, zinazozaliwa UV inapopiga haidrojeni peroksaidi, au chembe za titani dayoksaidi zilizokorogwa majini. Kwenye ndoo yako, haidro iliyobaki itaimaliza peroksaidi kabla haijagusa rangi. Halafu maji ya bluu nzito hayapitishi mwanga; UV inaishia juu juu tu.

Ila rangi inayohitaji kostiki na haidro ni ya jamii ya vati. Inayeyuka ikinyang'anywa oksijeni, ikipata hewa inarudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Kwa hiyo mimina kwenye beseni pana, koroga kila ukipita, kisha acha usiku kucha. Asubuhi utakuta tope la bluu chini, na maji ya juu yamepungua rangi. Chuja kwa kitambaa kizito. Tope lianike, usilirudishe mtaroni.

Kostiki bado imo, na mchicha hauipendi. Vaa glavu, tia siki kidogo kidogo ukiwa nje, pima kwa karatasi ya pH (kipimo cha asidi na alkali), ishia pH 8 hivi. Usitie siki haidro ikiwa bado haijaisha nguvu, inatoa gesi ya kukaba koo.

Kijana wa Mafinga
Titani si ndiyo ile nyeupe ya rangi za ukutani? Achukue hiyo, aanike juani.

Mkemia_Uyole
Hapana mdogo wangu. Ile ya ukutani chembe zake kwa kawaida hufunikwa makusudi zisile rangi ya ukuta. Inayofaa ni aina ya titani dayoksaidi iitwayo anatasi, isiyofunikwa, na unga wake lazima uchujwe tena.

MamaBatiki, Iringa
Asante sana kaka, beseni ninalo. Na ile rangi ya maji baridi, ya magadi na chumvi?

Mkemia_Uyole
Hiyo haitui hata uiache wiki, na hapo ndipo UV na peroksaidi zina kazi. Nyingi ni za azo: rangi yake inatokana na kifungo cha naitrojeni mbili, radikali zikikikata, rangi inapotea. Lakini maji kuwa meupe si kwamba yamekwisha kusafika. Vipande vya molekuli vinabaki, vinahitaji mwanga zaidi. Chumvi nayo inapunguza kasi. Kwa sasa hifadhi maji hayo kwenye pipa peke yake, usiyachanganye na ya kostiki, na tumia maji hayohayo ya kutilia rangi kwa vitambaa kadhaa, ukianza na vya rangi nzito ukamalizia na hafifu.