Mkono wa kukunia nazi: nimemaliza mionzi, nikae tu au niuchezeshe mwili?

BiVitumbua
Asalaam aleykum jamani. Nipo Tanga mjini, Ngamiani, nina miaka 51. Nilitolewa titi la kulia kwa saratani, pamoja na tezi za kwapani, nikapigwa kemo, zile dawa kali za saratani, kisha mionzi Dar. Huu ni mwezi wa 7 tangu nimalize. Habari ya kuuchezesha mwili hakuna aliyeniambia neno, na mimi sikuuliza. Ukishakaa foleni tangu alfajiri, ukiingia kwa daktari unachotaka ni kuambiwa uko salama, ujiendee zako.

Shida ipo nyumbani. Mwanangu mkubwa kaitia baiskeli yangu kufuli uani, ufunguo anao yeye. Mbuzi ya nazi kapewa binti wa kazi, anayekuna mpaka kifuu kinatoka vumbi. Nikigusa ndoo, wajukuu wananiripoti. "Mama kaa, usije ukauamsha ugonjwa." Mimi niliyekuwa naamka saa 10 usiku nakuna nazi 6 za vitumbua, leo nipo barazani nahesabu baiskeli za wenzangu zikipita. Na kuchoka, nachoka! Naenda duka la kona, nikirudi nalala. Zamani nilichoka kwa kazi, mbona sasa nachoka kwa kukaa?

Nifanyeje? Na huu mkono, ndio wa kukunia, ukivimba je? Habari za mizizi na mafuta ya simba msiniletee, ninazo za kutosha.

Mzee wa Sahare
Pole sana bibie. Mimi ni wa utumbo mpana, nina miaka 68, nilikatwa kipande 2021 na kemo nikapata. Hilo la kuchoka kwa kukaa nalijua. Nilikuwa nikitoka msalani naegemea mlango kama nimepanda Usambara kwa mguu.

Mwanangu ndiye aliyenisomea utafiti uliotoka 2025. Wagonjwa 889 wa utumbo mpana waliomaliza kemo, wengi wao wa Canada na Australia. Nusu walipewa vitabu vya kuwahimiza kula vizuri na kufanya mazoezi. Nusu nyingine walipewa mtu wa kuwasimamia kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, kundi la kusimamiwa walikuwa hai kama 90 katika kila 100, la vitabu 83. Sisemi kwamba na la titi ni hivyo hivyo, mimi si daktari.

Kilichonikaa si hizo namba. Ni kwamba yule msimamizi mwanzoni alikutana nao kila wiki mbili, na kazi yake haikuwa kuhesabu jasho tu. Aliwauliza nini kimekushinda safari hii, mvua? Aibu? Mke? Wakapanga upya. Mie msimamizi nilimpata kwa muuza kahawa. Nilianza na nguzo 3 za umeme kwenda na kurudi, kila wiki naongeza moja. Nisipopita saa 11 jioni, kesho yake ananiuliza mbele ya watu, "Mzee, jana nguzo zilikuwa na nini?" Aibu ile ni dawa. Sasa hivi natembea mpaka Raskazone, nusu saa bila kukaa. Ila magoti yanalia, hilo sikufichi. Hata kwenye ule utafiti waliofanya mazoezi waliumia misuli na maungo kuliko wenzao.

Mgosi_Pangani
Mie napinga kidogo. Marehemu mama aliambiwa mkono wa upande uliopasuliwa usinyanyue hata jagi, maisha yake yote. Leo mnamwambia mtu akakune nazi? Kafanya kazi miaka yote, mwacheni apumzike.

Fizio_Zamu
Shikamoo mama. Nafanya fiziotherapia mkoa huu huu.

Mgosi, mama yako aliambiwa kilichokuwa kikiaminiwa wakati ule. Mwaka 2009 Marekani wakatoa majibu ya wanawake 141 waliotibiwa saratani ya titi, ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba. Nusu walinyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, wakianza na vyepesi mno na kupanda polepole, huku wamevaa soksi ya mkono ya kubana. Mikono yao haikuvimba zaidi kuliko ya wenzao. Tena waliozidiwa ghafla walikuwa wachache kwao kuliko kwa wale waliokaa.

Kwa hiyo mama, nazi utaikuna, ila si 6 na si kesho. Kukuna ni kazi moja inayorudiwa rudiwa na bega limeinama, na mkono wako haujaizoea tena. Anza na kuupandisha mkono ukutani kwa vidole, kama mjusi, asubuhi na jioni. Ukifika juu bila kuvutwa kwapani, shika chupa ya maji ya nusu lita. Wiki mbili tatu mbele, nusu kifuu, pumzika, kisha uangalie kesho yake mkono unasemaje. Ukiuona mzito, umejaa, bangili imebana, rudi nyuma hatua moja na uende kliniki. Ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, hiyo ni siku hiyo hiyo, usingoje.

Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala. Kinachoupunguza ni kutembea dakika 30, mara 3 kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba taarabu. Zigawe, 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni, mpaka ziungane. Ila kwanza pimwa damu, maana uchovu mwingine ni upungufu wa damu tu. Na kama kemo imekuachia ganzi nyayoni vaa viatu vya kufunika, kandambili weka ndani. Baiskeli ingoje mpaka mkono uweze kushika breki bila kusita.

NesiMstaafu
Fizio kamaliza ya mkono. Mimi nina neno kuhusu huyo kijana. Nimenasihi wagonjwa miaka mingi, na aliyekuwa mgumu alikuwa mlezi mara nyingi kuliko mgonjwa. Usishindane naye. Siku ya kliniki mwambie, "Mwanangu, nisindikize ndani," halafu swali la mazoezi aliulize yeye kwa mdomo wake. Na jioni usiage "naenda kufanya mazoezi", atakuzuia. Sema "nipeleke mpaka msikitini turudi."

BiVitumbua
Marahaba mwanangu Fizio. Na Mzee wa Sahare, shikamoo.

Imepita wiki ya tatu. Msikitini na kurudi ni dakika 14. Kijana anatembea nyuma yangu na simu mkononi kama askari wa bandari, nikisimama kumsalimia mtu anadhani nimezidiwa. Siku mbili sikwenda, mvua, na moja nililia tu, sijui kwa nini. Ukutani nimefika usawa wa swichi ya taa. Jana binti alipokwenda sokoni nikakaa juu ya mbuzi. Nusu kifuu. Nikasikia ile sauti ya meno kwenye nazi, nikasahau kuhesabu, nikajikuta nimemaliza chote. Nisamehe Fizio. Asubuhi mkono haukuvimba, ila bangili naiogopa, nimechukua futi kwa fundi cherehani jirani. Napimia wapi?

Ufunguo wa baiskeli bado. Anasema mpaka aongee na daktari, na kliniki ni mwezi ujao.

Fizio_Zamu
Mama! Nusu tu kesho, tafadhali. Futi pima sentimita 10 juu ya kiwiko na 10 chini yake, mikono yote miwili, saa ile ile, uandike kwenye daftari. Mkono wa kazi huwa mnene kidogo hata kwa asiyeumwa, ndiyo maana namba za leo nazitaka. Ukizidi hizo kwa sentimita 2 usingoje hiyo kliniki.