Asilimia 23 ya mashuti eti ni "kipaji"? Huyu mchambuzi anatumalizia hoki ya barafu!

Wakuu, mnamjua. Yule yule. Leo tena kasema aliyefunga magoli 40 auzwe kwa bei ya magoli 40. Kuulizwa asilimia ya mashuti, yaani katika kila mashuti 100 mangapi yanakuwa magoli, kajibu: "Hicho ni kipaji." KIPAJI! Moshi unatoka masikioni, mwenye ndoo ya maji alete.

William Karlsson, mchezaji wa timu ya Vegas kwenye ligi ya NHL, 2017-18: mashuti 184, magoli 43, asilimia 23.4. Msimu wa nyuma yake magoli 6! Wastani wa ligi unacheza kwenye 10. Mpe hata asilimia 12 kwa mashuti yale yale, unapata magoli 22. Msimu uliofuata kafunga 24. Hesabu ya darasa la tano, na mtu mzima ameshika maiki anasema kipaji.

Angalia mashuti kabla ya magoli. Mashuti yakipanda, kapanda kweli. Yakibaki palepale na magoli yakapaa, uza kabla hakujakucha. Kipaji!

mzee_wa_barafu: Umemsahau Cheechoo wa San Jose, magoli 56 msimu wa 2005-06. Mtoa pasi Joe Thornton katua Novemba, mvua ya magoli ikaanza. Misimu iliyofuata 37, 23, 12. Kabla ya kununua, uliza nani anampa pasi na kama huyo mpasiaji naye mnamnunua.

fimbo_ndefu: Punguza jazba mkuu. Anayepiga akiwa karibu kabisa na kipa lazima asilimia yake iwe juu. Umejaza uzi mzima, umbali wa shuti hukuugusa.

moto_wa_calgary: Nyie mnalia nini? Huberdeau, akiwa Florida, pointi 115 msimu wa 2021-22 (magoli na asisti kwa pamoja), 85 zikiwa asisti, yaani pasi za magoli. Goli moja linaweza kutoa asisti mbili, na ile ya pili mara nyingi ni pasi tu ya kupita. Sisi Calgary tukamtoa Tkachuk kwa Florida kumpata, tukamwaga mkataba wa miaka 8 kwa dola milioni 10.5 kwa mwaka. Msimu wa kwanza kwetu: pointi 55.

paka_florida: Na Tkachuk kabeba Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, na Florida yetu 2024 na 2025. Asanteni sana.

moto_wa_calgary: Toka hapa.

glavu_kubwa: Utapeli wenyewe uko kwa makipa. Kipa namba mbili anapangwa dhidi ya timu dhaifu, mechi 25 tu, mnamwita nyota!

mleta uzi: Jamani turudi kwenye KIPAJI.

usingizi_sina: Kwanza nani kapanga Calgary waanze saa 11 alfajiri yetu?

fimbo_ndefu: Afadhali hiyo, unaamka nayo. Mechi za New York ni saa 9 usiku, hulali wala huamki.