Mnasihi akihama jimbo Marekani, leseni yake ibaki nyuma?

Mtoa mada (Louisville, Kentucky)

Wakuu, naleta hoja hii kwa sababu sisi wasemaji wa Kiswahili huku Marekani inatuuma kweli. Wanasihi, yaani washauri wa afya ya akili, wanaoweza kumsikiliza mama aliyetoka Kivu Kusini bila mkalimani ni wachache mno, na hao wachache sheria inawafungia kwenye jimbo mojamoja.

Kinachohesabiwa ni mahali alipo mteja saa ya mazungumzo. Ndiyo maana mnasihi anayefanya kazi kwa video huanza kikao kwa kuuliza, "Uko wapi sasa hivi?" Hapa Louisville ukivuka daraja la mto Ohio uko Indiana, na wapo watu wetu wanaofanya kazi kwenye maghala ya ng'ambo ile. Mteja akipiga simu saa ya mapumziko, amekaa ndani ya gari nje ya ghala, mnasihi mwenye leseni ya Kentucky pekee anatakiwa kuahirisha. Mtu kajikaza wiki nzima aje aseme yaliyompata, anaambiwa avuke daraja kwanza!

Akihama mnasihi mwenyewe ndiyo balaa. Kila jimbo lina bodi yake, hata herufi za cheo cha mnasihi mwenye leseni hazifanani: Texas ni LPC, Illinois ni LCPC, New York ni LMHC. Virginia ilianza kuwapa wanasihi leseni mwaka 1976, California ikaja mwisho kabisa, 2009, na kila jimbo likajitungia masharti. Bodi mpya inaweza kudai matokeo yatumwe na chuo chenyewe, na saa ulizofanya chini ya msimamizi (anayeanzia California anadaiwa 3,000) zithibitishwe kwa saini yake. Msimamizi amestaafu zamani au amefariki, utamtoa wapi?

Msimamo wangu: aliyefuzu jimbo moja na rekodi yake ni safi aruhusiwe kufanya kazi mara anapohamia, makaratasi yafuate.

Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Mkuu, hapo nakupinga. Leseni haikuwekwa kwa ajili ya mnasihi, imewekwa kwa ajili ya mteja. Nimefanya ukalimani kwenye vyumba hivyo, nimesikia mama akitamka mambo ambayo mumewe hayajui. Mnasihi akiyatumia vibaya, mama huyo ashtaki wapi? Bodi ya jimbo ndiyo inayomwita, inamhoji, inamfutia leseni. Ukimpokea kila anayesema rekodi yake ni safi, yuko atakayehama kabla malalamiko dhidi yake hayajaamuliwa.

Halafu sheria zinatofautiana. Mteja akitishia kumdhuru mtu, je, mnasihi analazimika kumwonya mtu huyo? Kijana wa umri gani anaweza kutibiwa bila ridhaa ya mzazi? Majibu ya Ohio si lazima yawe ya Kentucky. Mgeni ajifunze kwanza.

Mchangiaji (Phoenix, Arizona)

Ndugu zangu, huku kwetu tangu 2019 kuna sheria inayompokea anayehamia kutoka jimbo jingine akiwa na leseni ya angalau mwaka mmoja na asiye na kesi. Bodi haikufa, bado inaadhibu. Mkataba wa wanasihi, ambao majimbo yaliyoingia yanatambua leseni za wenzao, nao umeanza kutoa vibali vya kufanya kazi jimbo jingine mwaka 2025, Arizona na Minnesota tukitangulia. Mkataba kama huo wa wanasaikolojia unafanya kazi tangu 2020 na una majimbo zaidi ya 40, ingawa California haimo. Na tangu Januari 2023 sheria ya taifa inawaruhusu wanajeshi na wenzi wao kuhama na leseni zao. Kama mke wa mwanajeshi anaaminiwa, mke wa dereva wa lori ana kosa gani?

Mtoa mada

Dada yangu wa Columbus, suala la malalamiko ni zito na silipuuzi. Ila mkataba umelijibu: mwenye kibali hufuata sheria za jimbo aliko mteja, na majimbo yanapeana taarifa za adhabu na uchunguzi. Kujifunza sheria za jimbo jipya pia sina ubishi nako. Mtihani mfupi ndani ya miezi sita unatosha.

Ninachokataa ni kumrudisha mtu kwenye mtihani wa taaluma aliokwisha kuupita. Tuliyaona ya maafisa ustawi wa jamii. Mwaka 2022 chama kinachotunga mtihani wao kilitoa takwimu: kwenye mtihani wa ngazi ya wanaotoa tiba, kati ya 2018 na 2021, Wazungu waliofaulu mara ya kwanza ni karibu 84 katika kila 100, Weusi ni 45. Chujio la namna hiyo sitakubali watu wetu wapitishwe mara mbili.

Tena hiyo mikataba yenyewe ina pengo ambalo hatujaligusa. Inampokea mwenye leseni kamili tu. Vijana wetu waliomaliza shahada ya uzamili na bado wanahesabu saa chini ya msimamizi hawamo. Akihama kwa kufuata kazi ya mwenzi wake au nyumba ya bei nafuu, saa alizokusanya zinaweza kukataliwa. Hapo ndipo nataka tubanane: anayetetea bodi anieleze, saa 1,400 zilizofanywa Kentucky kwa usimamizi halali zinapungua nini zikifika Ohio?