Feni 4 za kesi, soketi 2 za madabodi: zinaunganishwaje?

Swali (mjenzi_mpya)
Wakuu, habari zenu. Naunga desktop ya ATX. Mbele ya kesi kuna feni 3 za milimita 120, plagi zake ni za pini 3. Nyuma ipo 1 ya pini 4. Madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ina soketi za CPU_FAN, CHA_FAN1 na CHA_FAN2 tu (CHA ni za feni za kesi). Feni ya mbele nikiichomeka inazunguka kwa kasi yote hata kompyuta ikiwa haina kazi. Nitumie waya wa kugawa, au nizipeleke pawa saplai kwa plagi ya Molex? Halafu kila feni ya mbele ina waya wa pili wa taa, plagi yake ina matundu 3 na nafasi moja imezibwa.

jibu: waya_mweusi
Molex achana nayo mkuu. Utapata volti 12 muda wote, kelele haziishi, na BIOS (programu ya mipangilio iliyo ndani ya madabodi) haitaziona feni hizo.

Kasi yote inatokana na hili: pini ya 1 ni negativu, ya 2 volti 12, ya 3 inarudisha taarifa ya mizunguko, ya 4 inabeba amri ya kasi (PWM). Feni ya pini 3 haina pa kupokelea amri hiyo, na soketi ikiwa kwenye PWM, pini ya 2 haipunguzi kitu. Ingia BIOS (kwa Asus tafuta Q-Fan, Gigabyte ni Smart Fan), chagua soketi husika, weka DC badala ya PWM au Auto. Hapo madabodi itashusha volti yenyewe. Anza na asilimia 50, maana feni nyingi zikipewa chini ya volti 5 hazianzi kuzunguka.

Kwa hiyo 3 za mbele zikae CHA_FAN1 kwa waya wa kugawa, DC. Ya nyuma CHA_FAN2, PWM. CPU_FAN ni ya feni ya prosesa. Ikiwa tupu, madabodi nyingi hutoa onyo na kugoma kuendelea kuwaka.

jibu: ampea
Kabla ya kununua waya wa kugawa, soma stika iliyo katikati ya feni. Soketi nyingi zinabeba ampea 1 (hakikisha kwenye kitabu cha madabodi). Feni 3 za 0.2 A ni 0.6 A, salama. Mimi sivuki 0.8, kwa sababu mota inapoanza huvuta zaidi.

Ukiona watu wanapendekeza kisanduku cha kugawia chenye umeme wa SATA (plagi bapa ya pawa saplai), angalia sana: vingi vinagawa PWM tu, na feni zako za pini 3 zitarudi kwenye kasi yote.

Waya mzuri wa kugawa hupitisha taarifa ya mizunguko ya feni moja pekee. BIOS ikionyesha feni 1 si ubovu, lakini nyingine 2 zikifa hutaambiwa. Zikague kwa macho.

jibu: waya_mweusi
Waya wa taa ni wa volti 5. Tafuta soketi ya pini 3 za namna hiyohiyo, yenye nafasi moja tupu, imeandikwa 5V au ARGB. Ile ya pini 4 ya taa ni volti 12. Ukilazimisha, taa zinaungua papo hapo.

Na usikaze skrubu kabla ya kuangalia upepo: hutokea upande wenye mikono inayoshika mota. Feni za mbele, upande huo uelekee ndani. Ya nyuma, uelekee nje.